Siku moja maishani mwangu: podikasti ya viazi, wasikilizaji 312

Watu wakisikia nina podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni, wanafikiri nakaa kwenye studio ya viti vya ngozi na taa za zambarau nahoji mastaa. Mimi nahoji wakulima wa viazi. Niko Ilomba hapa Mbeya, chumba na sebule, na kipindi kilichowahi kusikilizwa sana kilifika watu 312, basi, hiyo ndo rekodi yangu. Naandika siku ya jana ilivyokuwa ili mtu akiniuliza tena "hivi hiyo kitu inakulipa?" nimtumie hii nikalale.

Saa 10 alfajiri. Naamka kabla ya jogoo wa jirani, maana akishaanza yule hakuna kurekodi tena mpaka kesho. Studio yangu ni kabati la nguo. Naingiza kichwa na maiki humo, nyuma nimetundika blanketi mbili, na kwa baridi ya huku nyingine naitamani mwilini lakini ndo hivyo, sauti kwanza. Adui mkubwa ni mvua, ikipiga kwenye bati utadhani kuna mtu anakaanga bisi juu ya kichwa chako, na msimu huu inanyesha karibu kila siku. Jana alfajiri haikunyesha. Nikarekodi dakika 22 kuhusu baa jani, ule ukungu wa viazi unaopenda mvua na baridi, leo unaona vidoa kwenye jani, wiki mbili baadaye shamba zima kama limemwagiwa maji ya moto.

Saa 1 mpaka saa 4 niliediti. Unakata vikohozi, unakata "eee", unajisikia mwenyewe mpaka unajichukia.

Saa 4 na nusu nafungua grupu la WhatsApp na hapa ndo penye ugali wangu kwa kweli. Kipindi ni bure kwa kila mtu ila wapo 41 wanaolipa 3,000 kwa mwezi, kila asubuhi wanapata voisi yangu ya bei za viazi Mwanjelwa na Uyole, na wakiwa na swali nawatafutia bwana shamba wa kulijibu. Ni 123,000, hapo bado hujatoa makato, wala hujatoa wale wanaosema "dada nitatuma mwezi ukiisha" ambao mwezi wao hauishi. Nimeanza kuwatoa kwenye grupu, roho inauma lakini bando hainunuliwi kwa salamu.

Mtu ataniambia matangazo ya mtandaoni je. Hebu piga hesabu. Wenzetu wa Marekani wanalipwa kwa kila wasikilizaji 1,000, tuseme dola 20, sasa mimi mwenye 300 hata wakinipa bei hiyohiyo napata dola 6, hiyo ni nauli na chai. YouTube nako naweka sauti na picha ya gunia, ila ili uingie kwenye mgao wa matangazo wanataka sabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, mimi nina 640. Na ukishaingia hela haitoki mpaka itimie dola 100, tena ikifika dola 10 wanakutumia barua ya posta yenye namba ya siri wahakikishe unakoishi. Barua. Ya posta. Mimi anwani yangu ni "ukishuka kituoni ulizia kwa mama mwenye mashine ya kusaga".

Kwa hiyo saa 5 na nusu nikapanda daladala kwenda Uyole kwa mdhamini wangu, ana duka la pembejeo, namwita Bosi. Tulikubaliana 60,000 kwa kipindi kimoja chenye tangazo la nusu dakika la dawa yake ya ukungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mwe, mbona umekonda hivyo? Kaa hapo kwenye mfuko wa mbolea."

Nikakaa. Akahudumia wateja. Nikaendelea kukaa, mwenzenu nimekaa kwenye ule mfuko saa nzima na dakika kumi, kila akimaliza mmoja anaingia mwingine anataka mbegu ya kabichi robo kijiko. Alipopata nafasi akaanza na wimbo wake wa kila mwezi, kwamba kuna redio imemwambia ina wasikilizaji malaki huko, sasa mia tatu zangu ni za nini.

Nikamuuliza, baba, kwenye hao malaki wangapi wanalima viazi? Nikafungua simu nikamwonyesha bila kumpa namba za watu: huyu ana eka 6 Isyonje, huyu anakusanya mzigo Umalila anapeleka Dar, huyu mama wa Makete mwezi uliopita alinunua hapahapa kwako katoni mbili na akasema katumwa na podikasti. Hao 312 karibu wote mwezi huu wanatafuta dawa ya ukungu. Akakuna kidevu. Nikajua nimempata.

Sijampata. "Sawa, ila sema inatibu."

Dawa yenyewe ni mankozebu. Inakaa juu ya jani inazuia ukungu usiingie, jani likishaugua haliponyi, inabidi upige mapema na kurudia. Nimeyasema hayo hayo kwenye dakika 22 za asubuhi. Namweleza, anasema najua mwanangu, lakini mkulima anapenda kusikia inatibu, neno kinga halina nguvu. Nikamwambia baba, mtu wa redio akidanganya wasikilizaji hawajui anaishi wapi, mimi mtu akipoteza eka mbili kwa mdomo wangu kesho ananikuta Mwanjelwa napima dagaa. Tukabishana mpaka mteja mmoja mzee akaingilia, "huyo binti anasema kweli, mimi mwaka jana nilipiga wakati majani yashakauka, nimetupa hela." Ndaga sana mzee wangu popote ulipo.

Tukakubaliana "inakinga". Halafu Bosi akasema basi tangazo atalisoma yeye mwenyewe. Mara ya kwanza simu yake ikaita. Mara ya pili akamtaja marehemu baba yake aliyeanzisha duka. Mara ya tatu akataja na mwaka, na tawi, na namba ya simu mara tatu polepole kama anamsomea mtoto hesabu. Mashine ya kuchomelea ya jirani ikaanza. Mara ya nne, ya tano, sijui ya ngapi. Tangazo la nusu dakika likawa dakika 1 na sekunde 40, hela ni ileile, na ya kulipa ni "jioni nitakurushia".

Nimetoka pale sina chakula tumboni, mvua ikaanza nikiwa kituoni, viatu vikajaa tope, nikala parachichi na chumvi nimesimama.

Jioni nikafanya kazi ya watu. Kuna jamaa anauza magodoro kwa gari la spika anataka sauti ya kike, nikasubiri mvua itulie nikarekodi dakika kumi na tano, 15,000 papo hapo, hajauliza nina wasikilizaji wangapi. Nacheka lakini kwa mwezi hizi kazi ndogo za sauti zinakaribia kile cha grupu, na zote zimekuja kwa sababu mtu alinisikia kwenye viazi. Sina aibu nazo.

Halafu kupandisha kipindi. Asilimia 60, umeme ukakatika, nikatumia bando la simu, asilimia 87 bando likaisha. Saa ngapi hapo sijui, saa 3 au 4. Nikakopa bando. Kikapanda. Wa kwanza kusikiliza ni yule mama wa Makete, akatuma voisi, nyuma mbuzi wanalia, anasema mwanangu shamba la chini lina madoa, kesho naanza kunyunyiza lile la juu kabla halijashikwa. Nimeirudia ile voisi mara mbili.

Nikiwa nimeshalala simu ikalia, meseji ya muamala, 30,000. Siyo 60. Ikafuata voisi ya Bosi: "Mwanangu, nyingine wiki ijayo. Halafu nimesahau kumtaja mama watoto, ndo anakaa dukani Jumamosi, hebu muongezee."

Nimetegesha alamu saa 10.