Nilivyoachana na Heksani Katika Kutoa Mafuta ya Alizeti

Kwa miaka kadhaa nilitoa mafuta ya mbegu kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kama nilivyofundishwa, ingawa nilijua fika kwamba hutokana na mafuta ghafi ya petroli, kwamba mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwamba anayeuvuta kwa muda mrefu huharibika neva za mikono na miguu. Nilipoamua kuhamia kwenye ethanoli, ambayo hupatikana kwa kuchachusha mimea, mwenzangu mmoja alinionya kwamba pombe na mafuta havipatani. Mwingine alinihakikishia kwamba niloweke tu unga wa mbegu usiku kucha. Wote wawili walinipotezea muda, na huyu wa pili zaidi.

Niliufuata ushauri wake kikamilifu, nikitumia ethanoli ya asilimia 95 katika joto la kawaida la chumba. Asubuhi kimiminika kilikuwa na rangi ya manjano ya kuvutia, nami nikakichuja na kukikeneka, yaani kukipasha ili pombe itoke kwa mvuke, kwa matumaini makubwa. Kilichobaki chini ya chupa kilikuwa utomvu wa kahawia ulionata kwenye kijiko kama asali iliyoungua, na nilipouosha kwa maji ya uvuguvugu, sehemu kubwa iliyeyuka ikaondoka nayo. Nilikuwa nimetoa sukari, wala si mafuta. Nilipomweleza, alinijibu niongeze pombe, jibu ambalo hadi leo linaniudhi, kwa sababu tatizo halikuwa wingi wake hata kidogo.

Ethanoli baridi huyeyusha mafuta kidogo mno, lakini inapokaribia kuchemka, kwenye nyuzi 78, uwezo huo hupanda sana, ilmradi isiwe na maji. Kwa hiyo nilianza kuichemsha pamoja na unga juu ya maji ya moto, bila mwali wowote karibu, mvuke ukipozwa na kurudi chupani. Nilichuja ikiwa bado ya moto, nikaiacha ipoe, na hapo nikaona jambo ambalo sijachoka kulitazama: kimiminika kilichokuwa angavu kilififia kikawa cheupe kama maziwa, kisha matone madogo yakaanza kuzama na kukusanyika, hata likajitenga tabaka la rangi ya dhahabu ndani ya faneli yenye bomba, upande wa chini. Mafuta yalikuwa yamejitenga yenyewe kwa kupoa tu. Tangu hapo sikeneki tena ethanoli yote, kazi ambayo ndiyo inayokula nishati nyingi. Nafungua bomba, nachukua tabaka la chini, nalipasha taratibu kuondoa pombe iliyosalia, na lile la juu nalirudisha kwenye unga mpya. Mkupuo wa kwanza hutoa mafuta machache kwa kuwa mengine hubaki ndani ya ethanoli, na anayekata tamaa hapo anakosea, kwani kuanzia mkupuo wa pili kiasi huongezeka.

Limonini ya maganda ya machungwa nayo niliijaribu, ila huchemka kwenye nyuzi 176, na kuiondoa kulitaka joto lililoanza kuyaharibu mafuta yenyewe.

Kikwazo cha mwisho kilijitokeza kwenye mkupuo wa nne, mafuta yalipopungua ghafla bila sababu niliyoiona. Nilichukua mrututu, chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, nikauchoma hadi ukawa unga mweupe, nikaudondoshea ethanoli ile, nao ukageuka buluu papo hapo: maji yalikuwa yakitoka ndani ya mbegu na kulimbikizana kila nilipoitumia tena. Sasa nakausha unga kwenye tanuri kabla ya kitu kingine chochote, na ethanoli iliyotumika naipitisha kwenye punje za zeolaiti zilizokaushwa kwa joto kali, ambazo hunasa maji na kuiacha pombe ipite. Kisha narudia kipimo kilekile, na sianzi kuchemsha mpaka mrututu ubaki mweupe.