Sumaku Kwenye Chuma cha Dirisha

Matatu ya Donholm asubuhi ile ilikuwa inadunda muziki mpaka kiti kinatetemeka. Binti yangu, miaka 3, alikuwa amesinzia hata kabla hatujaingia Jogoo Road, kichwa amekiegemeza dirishani. Tulikuwa na miadi hospitalini ya kurekebishiwa mashine.

Kitaalamu ni kipandikizi cha koklea, kifaa cha kumwezesha kusikia. Sisi tunasema mashine. Nusu yake iko ndani: daktari alitoboa mfupa nyuma ya sikio akapitisha uzi mwembamba hadi kwenye koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio iliyojikunja kama konokono. Nusu ya nje huning'inia sikioni, ina waya mfupi wenye kisahani kama kifungo cha koti. Kisahani hicho hushikwa kichwani na sumaku tu, na sumaku haichagui. Nimewahi kukibandua kwenye friji, kwenye sufuria na kwenye geti la jirani.

Homa ya uti wa mgongo ndiyo iliyomnyang'anya masikio akiwa na miezi 11. Daktari alituhimiza tusikawie, maana baada ya homa ile mfupa huweza kuota ndani ya koklea ukaziba njia. Shamba la baba yake likauzwa kwa pupa. Harambee mbili, chama, madeni. Kisha mashine ikawashwa, mtoto akalia, na kwa miezi mingi akawa anaing'oa na kuitupa. Siku moja niliiopoa kwenye bakuli la uji. Usiku nilikuwa najiuliza kama kweli nilimnunulia yeye au nilijinunulia mimi.

Basi tukashuka Muthurwa, nimembeba, mkoba begani, makanga akituharakisha. Sikuangalia kitu. Nilikuwa nishapiga hatua kama ishirini hivi aliposhtuka, akajipapasa nyuma ya sikio, akanishika kidevu kwa mikono miwili na kunigeuza uso.

"Api?"

"Wapi" lilikuwa neno la michezo ya kuficha vitu aliyofundishwa na mwalimu wake wa kuongea. Kwangu hakuwahi kulitumia. Na hapo alikuwa hasikii hata sauti yake mwenyewe.

"Api? Api?" Machozi yakamtoka.

Nilikimbia na mtoto kiunoni, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope. Namshukuru Mungu kwa jamu ya Nairobi, jambo ambalo sijawahi kulisema tena. Gari lilikuwa limekwama palepale mbele. Nikagonga ubavu wake kwa kiganja.

"Mathe, umesahau nini?"

Sikujibu, nilipanda. Kwenye kiti chetu alikuwa ameketi mzee mmoja, amejikunyata upande wa pili, akikodolea dirisha. Mashine ilikuwa inaning'inia kwenye chuma cha fremu, kitaa chake cha rangi ya chungwa kikipepesa.

"Mama, nilidhani ni kengele ya wezi," akasema. "Sikutaka kuigusa."

Nilitaka kumvalisha mwenyewe. Akanipokonya. Akaining'iniza sikioni kombo, kisahani akakikosea mahali mara mbili, mara ya tatu kikanasa: tik. Papo hapo dereva akapiga honi, na ule muziki ukamwingia wote kwa pamoja. Akakunja uso, mkono ukaenda haraka kichwani.

Nikajua anaing'oa. Akakifunika kisahani kwa kiganja, akakishikilia hivyo hadi tukashuka.