Hayo yaliyolala bombani

Leo alfajiri wapimaji wa maji wamefika bombani kwetu Walukuba, Jinja, Uganda, kabla jerikeni ya kwanza haijajaa.

Jirani akataka kuyamwaga ya mwanzo, "yatoke yale machafu."
Kijana akamzuia: "Hapana mama, hayo yaliyolala bombani ndiyo nayataka."
Anatafuta madini ya risasi, yanayoweza kuingia majini yakilala bombani, na kromi, madini mengine yatumikayo viwanda vya ngozi.

Nikajigamba: sisi tunachemsha!
Akatabasamu tu. Moto unaua vijidudu, risasi inabaki. Tena maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita.

Na makaa yangu yote yale, jamani.

Majibu bado. Birika liko mezani, nalitazama.

Nyie wa Bugembe, mmepimiwa?