Namba tano

Wiki hii nzima masikio yangu yako Januari 2011. Nimerudi kwa Ed Sheeran, ila si huyu wa kujaza viwanja vya mpira na kupigwa kila harusi. Ni yule wa kabla: kijana aliyekulia Framlingham, mji mdogo wa Suffolk, hajatimiza hata miaka ishirini, hana lebo, na anatoa EP, yaani albamu fupi, yenye jina lisilovutia kabisa, No. 5 Collaborations Project. Utadhani ni faili la ofisi ya ujenzi.

Ameiita namba tano kwa sababu hakuwa mgeni wa EP, alishatoa nyingine kadhaa. Mwaka 2010 alitoa Loose Change, ambamo wimbo wake The A Team uliingia mapema, kabla redio hazijaujua. Mwaka huohuo akatoa nyingine aliyoiandika na Amy Wadge, mtunzi anayeishi Wales. Hiyo ya Amy ni ya utulivu, gitaa na sauti tu, na kuna siku naipenda kuliko zote. Lakini inayonisumbua akili ni namba tano.

Ina nyimbo nane, na kila wimbo kashirikisha marapa. Wamo Devlin, Wiley, P Money, JME, Ghetts, Mikill Pane, Dot Rotten, na wimbo mmoja umebeba watatu kwa mpigo. Wengi wao ni watu wa grime, muziki uliozaliwa London mashariki, biti za kasi na mistari ya kukimbizana. Sasa chukua kijana wa gitaa kutoka shamba, nywele nyekundu, mtumbukize katikati ya watu hao. Kwenye karatasi haiingii. Kwenye spika inaingia, na nimejaribu kujieleza kwa nini.

Jibu moja ni Jamal Edwards. Huyu alianzisha SBTV, chaneli ya YouTube, mwaka 2006 akiwa bado kijana mdogo, anazunguka na kamera akiwarekodi marapa wa mitaani ambao televisheni kubwa haikuwa na habari nao. Mwaka 2010 akampa Ed nafasi kwenye chaneli hiyohiyo. Watazamaji waliokuja kusikiliza mistari wakakuta mtu na gitaa lake na pedali ya lupu, kifaa cha kukanyaga kinachorekodi sauti na kuirudiarudia: anagonga ubao wa gitaa, anakanyaga, mdundo unajirudia, anapiga nyuzi, anakanyaga tena, anaitikia mwenyewe, anakanyaga, kisha juu ya hayo yote anachana kama mmoja wao. Bendi nzima kwa mtu mmoja, na hakuna wa kumlipa nauli. Kwa hiyo alipowaita marapa kwenye EP hakuwa anakodi majina. Alikuwa ameshakaa barazani kwao. (Jamal alifariki Februari 2022, ana miaka 31. Mungu amrehemu. Wengi wanaoujua mwisho wa hadithi hii hawajui kwamba yeye yumo mwanzoni.)

Wimbo niliourudia zaidi ni Little Lady, alioimba na Mikill Pane. Kiitikio ni kile cha The A Team, wimbo ambao Ed aliutunga akiwa na miaka 18 baada ya kwenda kuimba kwenye makazi ya watu wasio na nyumba na kusikia habari za mwanamke mmoja huko. Toleo linalojulikana ni laini sana. Unaweza kuliimba ukiosha vyombo bila kujua linahusu dawa za kulevya na mwili unaouzwa. Kwenye EP, Mikill Pane anaingia na kusimulia kisa cha msichana mdogo, hatua kwa hatua, bila kupamba, na kile kiitikio kikirudi baada yake hukisikii tena vilevile. Wimbo usiotiwa sukari namna hii haungeruhusiwa redioni mchana. Ndiyo maana naamini ungekufa mezani kwa meneja yeyote wa lebo.

Binamu yangu anayerekodi nyimbo hapa na pale aliniuliza juzi: "Kaka, EP ya nini siku hizi? Si bora nitoe singo moja, nishuti video, niisukume?" Swali la haki. Studio ni hela, kichupa ni hela zaidi. Nikamkumbusha Zuchu: Aprili 2020 alitambulishwa kwa EP ya nyimbo saba, akaeleweka ni nani kwa siku moja. Akanijibu papo hapo kwamba Zuchu alikuwa na Wasafi nyuma yake. Kweli, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kwa Zuchu lebo ilileta EP; kwa Ed, EP ndizo zilizoileta lebo. Namba tano ilifika nafasi ya pili kwenye chati ya iTunes ya Uingereza na kuuza nakala zaidi ya 7,000 wiki ya kwanza, bila lebo wala matangazo ya maana. Mwaka huohuo wa 2011 akasaini na Asylum, lebo iliyo chini ya Atlantic. The A Team ikatoka upya Juni kama singo, ikaingia chati ya Uingereza moja kwa moja nafasi ya tatu, na albamu ikafuata Septemba.

Nakala 7,000 si nyingi kwa nchi kama ile. Ila mtu anayeingia kwenye ofisi ya lebo akiwa na wanunuzi wake mwenyewe haongei kama mwombaji.

Mwaka 2019 aliendeleza hesabu, akatoa No.6 Collaborations Project. Safari hii walioshirikishwa ni Eminem, 50 Cent, Justin Bieber, Stormzy na wengine wa kimo hicho. Imenyooka, inang'aa, na nimeisikiliza hadi mwisho nikiwa na adabu zote. Kwenye namba tano kuna sehemu sauti inakaribia kumshinda na sehemu biti ni nyembamba mno, lakini kila rapa anaingia kama ana jambo la kumalizia. Kwenye namba sita wageni wanapita kwenye zulia. Binamu anasema ninaringia uzee. Yeye namba sita anaijua yote kwa moyo, namba tano kaizima kwenye wimbo wa tatu.