Riba na faini za KRA zilivyofutika bila ile barua

Taja tu barazani kwamba unadaiwa na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, uone Mombasa ina mawakili wangapi. Shemeji yangu aliniambia ninyamaze, eti deni la serikali huchoka lenyewe. Thubutu! Ukichelewa kulipa ushuru wa mapato unaongezwa faini ya asilimia 5, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi. Wewe mpiga picha uko harusini kazini, yenyewe inazaa. Nilidaiwa ushuru wa 2019 hadi 2021, kama elfu sitini hivi, na nyongeza zilishapita nusu yake.

Kijana wa saiba, pale tunapolipia intaneti, naye akataka nibadilishe ritani (taarifa za mapato) za miaka hiyo ziwe sufuri. Huyo nilimkimbia.

Nikaangukia kwa "mtaalamu". Ana ofisi, kalamu tatu mfukoni na muhuri wa zambarau. Faini, akasema, huondolewa kwa barua ya huruma, na barua zake hazijawahi kukataliwa. Elfu nane, nusu mkononi. Ikaja kurasa mbili: nimefiwa na mke, nina watoto sita, nyumba imechukuliwa na mafuriko. Watoto wangu ni wawili na naishi ghorofa ya tatu. Mke wangu aliisoma huku akikaanga viazi. Alipofika pale alipofariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu", akazima jiko akauliza: "Na mmenizika wapi?"

Cha kuudhi zaidi, barua iliandikwa 2024, ilhali Sheria ya Fedha ya 2023 ilishamwondolea Kamishna uwezo wa kusamehe faini kwa maombi ya mtu mmoja mmoja. Mtaalamu hana habari.

Kilichonitoa ni msamaha uliofunguliwa mwisho wa Desemba 2024. Riba na faini za ushuru wa hadi 31 Desemba 2023 zilifutwa, mradi ushuru wenyewe uwe umelipwa kufikia 30 Juni 2025. Aliyebakiwa na faini tupu hakuhitaji hata kuomba. Sisi wengine tuliomba kwenye iTax, tovuti ya KRA, na kusema tutalipa vipi. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, najisifu kidogo. Fungu kubwa nililiweka Shaabani, harusi zinapopandana, Ramadhani nikalipa vijisenti, nikamalizia baada ya Idi. Kila mwaka niliutolea namba yake ya malipo, nikihakikisha nimechagua ushuru, si faini. Halafu M-Pesa, namba ya kulipia 222222, na ujumbe wa malipo usiufute, hata simu ikijaa picha za maharusi.

Ya 2024 haikuwamo kwenye msamaha huo. Hiyo nililipa na faini yake, roho ikiniuma.

Mtaalamu alisikia deni limefutika, akapiga kudai elfu nne zilizobaki kwa kuwa barua "imefanya kazi". Simu alipokea marehemu.