Fundi wangu nisiyemjua

Leo Kikuubo, mtaa wa maduka pale Kampala, nusura nirudi nyumbani kwa miguu, jamani.

Nilipaki pikipiki yangu, Boxer, nje ya duka, nikaingia kuchukua katoni mbili za sabuni. Dakika kumi tu. Usukani niliufunga, ingawa kwa wezi wa Kampala hiyo ni teke moja. Bahati nzuri nilikuwa nimepitisha mnyororo kwenye gurudumu la nyuma hadi nguzo ya umeme.

Natoka, usukani umegeukia upande mwingine.

Pete moja ya mnyororo imekatwa kwa msumeno karibu nusu. Chenga za chuma bado zinang'aa juu ya tairi.

Mama muuza ndizi pale pembeni ananiambia, "Nilidhani ni fundi wako, mwanangu."

Fundi!

Hadi sasa naipapasa ile pete kwa kidole.

Nyie mnafungaje zenu mkiwa mjini?