Siku moja na madaftari ya insha, Masaka

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye taksi ya kwenda shuleni, mkoba umejaa madaftari. Watu wakisikia nafundisha Kiswahili huku Uganda huuliza kama kuna anayekisoma. Kwa mtaala mpya wa 2020 ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Walimu ndio hawatoshi, kwa hiyo mikondo yote ni yangu.

Saa mbili hadi saa nne: kidato cha kwanza. Imla, ngeli, kelele.

Saa nne na nusu naingia kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya 80. Kazi yao ni barua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kuhusu bomba la maji lililoharibika. Nusu ya darasa wameanza na "Natumaini u mzima wa afya kama mimi." Nawauliza, mwenyekiti ni shangazi yenu? Wanacheka, wanafuta. Wengine wameandika "safali" na "erimu", maana Kiganda huandika r baada ya e na i, kwingineko l. Makosa hayo hayanisumbui, yana kanuni. Kinachonichosha ni barua iliyojaa ukurasa mzima bila kusema kitu.

Saa saba, posho (ugali) na maharagwe mezani, akaingia mzazi. Mwanajeshi mstaafu, daftari la bintiye mkononi.

"Mwalimu, mimi nimesema Kiswahili jeshini tangu kijana. Mutoto yangu anakijua. Kwa nini umemupa alama kidogo?"

"Karibu, Afande. Keti kwanza."

Hakuketi. Akanieleza kambi alizopitia, moja baada ya nyingine, chakula kikipoa. Na kweli binti anakijua: sentensi zake zinateleza, methali mbili, salamu za heshima. Nikamwomba Afande aisome barua kwa sauti. Akasoma kama anayetoa amri gwarideni, akafika mwisho, akaigeuza karatasi kutazama nyuma.

"Sasa hii bomba iko wapi?"

"Ndilo swali langu, Afande."

"Mimi nikiwa mwenyekiti, fundi natuma wapi?"

Nikamwonyesha wino mwekundu pembeni: *Kijiji gani? Limeharibika tangu lini?* Akanyamaza kidogo. Kisha akasema sawa, lakini alama niongeze, mtoto amejitahidi. Tukaanza upya. Kengele ikalia, tukaendelea kubishana tukitembea kuelekea darasani. Sikuongeza. Binti ataiandika tena, hapo nitampa anachostahili.

Mchana uliobaki ni kidato cha nne, kikao kilichochelewa kuanza, mvua, halafu prepu, kujisomea kwa wanafunzi jioni. Baada ya hapo ni kusahihisha tu, na hakuna anayenilipa kwa saa hizo. Ila insha hufundishwa humo, pale mtoto anapokuta swali pembeni ya sentensi yake na kulazimika kulijibu.

Umeme umekatika nikiwa katikati ya rundo. Yaliyobaki nitayamalizia kwenye taksi kesho, nikipata kiti cha dirishani.